Barabara ya Baba Neema

Kama umepewa majibu yako wiki hii, usianze kunisoma leo. Kunywa uji, lala, lia kama ni mtu wa kulia, halafu urudi. Ninaandika haya baada ya dripu sita, upasuaji mmoja na kilomita arobaini za miguu, na sikusudii kukufundisha dawa. Dawa waulize wenyewe. Nataka kukueleza habari ya kuwashuku watu, kwa sababu mwaka ule niliumwa titi na nikaumwa na shaka, na hadi leo sijui ni kipi kilinitesa zaidi.

Naitwa Eliwaza. Maana yake ni Mungu huliwaza, lakini wanafunzi wangu wanadhani ni jina la mtu anayewaza sana, na sijawahi kuwasahihisha. Ninafundisha hesabu shule ya msingi na nimesimamia mitihani kwa miaka mingi. Kazi hiyo imeniharibu. Mtoto anayegeuka huku na huku simsumbui, huyo anatafuta jibu hewani. Anayeibia ni yule aliyetulia kupita kiasi. Na mwaka ule nyumba yangu ya Njiro, hapa Arusha, ilijaa watu waliotulia kupita kiasi.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, mimi na mume wangu, Baba Neema. Daktari aliniita akanieleza: saratani, titi la kushoto, tutaanza na dripu kisha upasuaji. Alisema taratibu na nikamwelewa. Halafu akaniomba nisubiri nje kidogo ili azungumze na ndugu wa mgonjwa. Nikajiuliza, mgonjwa si mimi niliyekaa hapa? Nikatoka hivyo hivyo. Mlango ulikuwa na kioo kidogo, na kupitia kioo hicho nikamwona Baba Neema akivua kofia. Huyu ni mtu aliyeendesha malori miaka thelathini. Kofia yake huivua kanisani na msibani tu.

Alipotoka nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Hakuna. Amesema tutulie, tufuate masharti."

"Dakika zote hizo amesema hayo tu?"

"Mama Neema, twende nyumbani."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi sikuficha kitu, wao ndio walioficha yangu. Tangu siku hiyo nilikuwa na swali moja: daktari alimwambia nini mume wangu ambacho mimi sikuambiwa? Jibu nilidhani ninalo. Nilichokuwa natafuta ni ushahidi.

Dripu ya kwanza ilikutana na mvua za vuli, na nyingine zikafuata kila baada ya wiki tatu. Kulikuwa na ile nyekundu ambayo sisi wa benchi tuliiita sharubati. Baada ya sharubati ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Neema, binti yangu, akanimalizia na wembe huku akisimulia habari za ofisini kwao bila kupumua, na nikajua anasimulia ili asilie. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukawa kama nimenyonya msumari. Chakula pekee kilichokubali kushuka kilikuwa loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, na wifi yangu alikuwa akituma kindoo kutoka kwetu Maji ya Chai kila alipopata mtu wa kumpa. Nilikula nikimshukuru, na papo hapo nikijiuliza kwa nini amekuwa mwema kiasi hiki. Wifi yangu na mimi hatujawahi kupendana namna hiyo.

Kwenye benchi nilikaa na Nasieku, mama wa Terrat, mfugaji, mrefu, mwenye ugonjwa kama wangu. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwambia ukweli.

"Nadhani nakufa na wamenificha," nikamwambia.

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu. "Mwalimu, ukifa utajua wewe mwenyewe wa kwanza. Hutahitaji kuambiwa."

"Sitanii, Nasieku."

"Hata mimi. Si umuulize mume wako?"

"Atanidanganya."

"Basi muulize daktari."

Sikumuuliza. Hapa nataka nikuambie kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mimi: mwenye shaka hapendi kuuliza. Tunapenda kuchunguza. Ukiuliza utajibiwa, na ukijibiwa hutakuwa na pa kujificha tena.

Kabla ya dripu ya tatu alikuja dada mmoja wa koti jeupe na fomu. Walikuwa wanaomba kipande kidogo cha titi walichonitoa mwanzoni kupima kihifadhiwe kwa ajili ya utafiti wa saratani. Nikaisoma fomu mara tatu, kama hati ya shamba. Nikamuuliza nyama yangu inakwenda wapi, nani anaikata, na majibu yanakwenda kwa nani. Akajibu yote vizuri, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nikamrudishia fomu bila kusaini. Nasieku alisaini kwa dole gumba akacheka. "Ng'ombe wangu wamechanjwa kwa utafiti," akasema, "mimi ni nani nikatae?"

Sasa niseme kuhusu Jumamosi. Kila Jumamosi ambayo sikuwa na kichefuchefu kikali, Baba Neema aliondoka asubuhi kwenda shambani kwetu, juu ya Maji ya Chai, upande wa mlima. Alisema anasafisha kahawa. Alirudi jioni amechoka, viganja vina malengelenge, suruali imejaa vumbi hadi kiunoni. Kahawa haimpi mtu malengelenge ya namna ile. Hayo ni ya sururu. Nikaandika kichwani.

Krismasi watu wote walipanda kwetu. Mimi nikaambiwa nibaki Njiro na Neema, eti barabara itanitikisa. Nilipompigia wifi simu kumtakia heri, alikuwa amechangamka, nyuma yake kelele za watoto na za mbuzi. Akasema, "Wifi, kaka amejitahidi jamani! Sasa gari linafika hadi mlangoni, hata likiwa kubwa." Halafu ghafla akaniuliza kama nimekula.

Lazima nikueleze ili uelewe. Kwetu, gari linakuacha kanisani. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu katikati ya migomba, kijia chembamba chenye utelezi mbaya wakati wa mvua. Miaka kumi na mitano nilimwomba mume wangu achonge barabara. Miaka kumi na mitano alinijibu, "Miguu ni ya bure." Na huku kwetu mtu hachongi barabara ya nyumbani hivi hivi tu. Huichonga kwa mambo mawili: harusi, au gari la jeneza. Neema hakuwa na mchumba.

Nilikata simu nikakaa jikoni. Nilimchukia Baba Neema kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane. Sikumchukia kwa kuamini kwamba nitakufa. Nilimchukia kwa kutoniambia, na kwa kuwa hodari sana wa kujiandaa. Jioni aliporudi akanipa ndizi mbivu kutoka shambani, nikazila.

Upasuaji ulifanyika masika. Niliamka nikiwa na titi moja na mkono wa kushoto usiotaka kupanda juu. Muuguzi mmoja mwenye mwanya, Mungu ambariki, alinifundisha kupandisha vidole ukutani taratibu, kama mtu anayetambaza buibui. Aliweka alama ya kalamu pale nilipofika. "Kesho tuipite hii, mwalimu." Kesho yake tukaipita kwa upana wa ukucha. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa vema. Kovu lenyewe sikulitazama hadi wiki ya tatu. Nilipolitazama nililia, halafu nikaona limeshonwa kwa mstari ulionyooka sana, na kama mwalimu wa hesabu nikaliheshimu.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza Neema akaja na karatasi. Kulikuwa na matembezi ya hisani ya kuchangia utafiti wa saratani, siku moja, kutoka Ngaramtoni hadi Maji ya Chai, kwa njia za chini ya mlima. Kilomita arobaini hivi, mwezi wa kumi.

"Mama, twende."

"Huo utafiti nani amewahi kuuona?"

"Mama jamani! Dripu yako unadhani iliota shambani? Kuna watu walikaa wakaitafuta."

Nikakubali kwa hasira. Moyoni nilikuwa na maelezo yangu: anataka kumbukumbu ya mwisho na mama yake. Shaka hiyo ikapata nguvu wiki iliyofuata, aliponisimamisha mbele ya ukuta mweupe na simu yake. "Mama, nitazame. Usicheke sana. Usinune pia. Hapo hapo." Mtu yeyote aliyewahi kwenda mazikoni Arusha anaijua picha ya namna ile.

Hata hivyo nilianza kutembea. Siku ya kwanza nilifika geti la jirani, nikashika ukuta, mbwa wao akanibwekea, nikarudi. Wiki ya pili nilifika dukani. Kila asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, na mimi nimevaa sweta mbili na kitambaa, napita kati ya kuta ndefu za Njiro na mageti yake, mbwa wakipokezana kunitangaza. Mwezi wa saba nilikuwa nazunguka mtaa mzima. Nywele zikaanza kuota, za kipilipili, laini, za rangi nisiyoijua. Mwezi wa nane nilitembea kilomita kumi na nne na Neema, nikapoteza ukucha mmoja wa mguuni na sikujali. Mwili ulikuwa unarudi. Lakini kila mwili uliporudi hatua moja, nilijiuliza: kama ninapona, kwa nini Baba Neema bado anakwenda shambani na sururu?

Kisha Ijumaa moja nikaingia stoo kutafuta ndoo. Nyuma ya magunia kulikuwa na boksi jipya. Nikafungua. Fulana nyeupe, zimekunjwa vizuri, na juu ya kila moja uso wangu. Ile picha ya ukutani. Chini yake jina langu kwa herufi kubwa: ELIWAZA.

Hapa kwetu ni watu wa aina mbili tu wanaochapwa uso kwenye fulana, mgombea na marehemu. Mimi sikuwa nagombea.

Nilikaa juu ya gunia la mahindi kwa muda mrefu. Ushahidi wangu ulikuwa umekamilika na sikuona raha yoyote. Sikupiga kelele. Mtoto anayeibia humkamati mara moja, unamwacha aandike hadi mwisho. Nikafunga boksi, nikapika, tukala, tukasali, tukalala.

Asubuhi, Baba Neema alipovaa buti zake, nikavaa viatu vyangu vya mazoezi. "Leo nakwenda na wewe shambani."

Akafunga kamba ya buti, akaifungua, akaifunga tena. "Kuna mteremko, mama."

"Mimi nafanya mazoezi ya mteremko."

Gari tuliliacha kanisani, kwa amri yangu. Na pale ambapo miaka yote kulikuwa na kijia, nikaona barabara. Pana, ina changarawe, ina mitaro pande mbili, na kwenye kona amepanga mawe ili maji yasiile. Migomba yetu kumi na zaidi ilikuwa imekatwa kuipisha. Ilikuwa barabara nzuri kweli, na niliipanda nikiwa na hasira kila hatua. Katikati nikasimama.

"Baba Neema. Hii barabara ni ya nini?"

"Ya gari."

"Gari gani?"

Toroli lake lilikuwa kando ya mtaro. Akalipindua, akakaa juu yake, akavua kofia.

"Daktari alikuambia nini siku ile?" nikamuuliza.

"Alisema tujiandae."

"Alisemaje, maneno yake?"

"Alisema, 'Baba, mjiandae.' Basi."

"Tujiandae kwa nini?"

"Mama Neema, mtu anaulizaje swali hilo?" Akaizungusha kofia mikononi. "Unakumbuka tulivyomzika mama yangu. Ule utelezi. Walivyoteleza pale kwenye kona, na jeneza likaanguka upande. Nikawaza, wewe hapana. Wewe hutaanguka. Nikachukua sururu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika. "Umenizika mwaka mzima," nikasema. "Kila Jumamosi umenizika, jioni unaniletea ndizi!"

"Ndiyo," akasema, akalia kama mtoto. Katika miaka ishirini na minane sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye kona ile siku ya mama yake.

"Na fulana?"

"Fulana gani?"

Nikamtazama kwa jicho langu la chumba cha mtihani. Hakuwa ametulia. Alikuwa ameduwaa, kamasi zinamtoka. Huyu hakujua lolote kuhusu fulana.

Nikampigia Neema. Nilipotaja boksi akapiga ukelele. "Mama! Umeifungua? Ilikuwa sapraizi ya matembezi! Umeona mgongoni?"

"Sikugeuza."

"Mgongoni imeandikwa TUNATEMBEA NAYE. Ni za ukoo mzima!"

"Na kwa nini mbele hukuandika kitu, ila uso na jina kama marehemu?"

"Mama, nafasi haikutosha. Uso wako ni mkubwa."

Baba Neema ndiye aliyeanza kucheka, na kamasi zake, juu ya toroli. Mimi nikafuata. Tulicheka hadi wifi akatoka kwenye migomba kuangalia kuna nini, akatukuta tumekaa chini kwenye changarawe, machozi yanatutoka, akadhani tumepata habari mbaya, akaanza kulia yeye.

Siku ya kliniki niliingia kwa daktari pamoja na mume wangu, nikakataa mtu yeyote kutolewa nje. Nikamwambia, "Ulimwambia huyu ajiandae. Kwa kitu gani?"

Daktari akafikiri. "Nawaambia wote hivyo. Matibabu ni marefu. Nauli, mtu wa kumsindikiza mgonjwa, chakula, kazi nani atashika. Wengi wanaishia njiani kwa sababu hawakujiandaa."

"Daktari," Baba Neema akasema, kofia mkononi, "kwetu mtu haambiwi ajiandae kwa nauli."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu, na nilimwona akirudi nyuma kichwani, akihesabu wote aliowahi kuwaambia neno lile mlangoni. "Nisamehe, mzee," akasema. "Kuanzia leo nitamalizia sentensi."

Kisha nikamuuliza lile nililolikwepa mwaka mzima. "Nitapona?"

"Kwa sasa hatuoni kitu. Utakuja kila baada ya miezi mitatu tukuangalie. Nikikuambia zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Lilikuwa jibu la kwanza mwaka mzima ambalo sikulitilia shaka. Nikatoka, nikamtafuta yule dada wa koti jeupe, nikasaini fomu yake. Sijui kipande changu kitawafundisha nini. Lakini nimeona neno moja lililokatwa nusu linavyoweza kumfanya mtu achimbe miezi kumi na moja, na nikaona heri wale wanaotaka kujua sentensi nzima wasaidiwe.

Wiki zilizobaki nilifanyia mazoezi kwenye barabara yangu. Kupanda, kushuka, kupanda. Baba Neema alikaa kwenye toroli na saa, akinihesabia mizunguko, na akinidanganya kwa mzunguko mmoja ili niongeze. Hilo nililishuku na nililipatia.

Mwezi wa kumi mijakaranda ilikuwa imemwaga maua mjini kote. Tulianza Ngaramtoni kabla jua halijachomoza, mimi, Neema, Baba Neema, wifi na ukoo wote katika nyuso zangu. Sitakudanganya kuhusu kilomita arobaini. Baada ya ishirini nilitapika. Baada ya thelathini mkono wa kushoto ulivimba, ukawa mzito kama umebeba ndoo, na Neema akaufunga juu kwa kitenge. Mara mbili nilikaa chini nikasema basi. Mara mbili Baba Neema alikaa kando yangu hadi aibu ikaninyanyua.

Tulipokaribia soko la Maji ya Chai tulikuwa tunajikokota, vichwa chini, tumenyamaza kwa uchovu, kundi zima limevaa uso mmoja. Watu wa barabarani wakaanza kusimama. Mwendesha bodaboda akazima injini. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja muuza ndizi akaacha biashara yake, akanijia, akanishika mkono mzima kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana na msiba, mama. Marehemu alikuwa nani yenu?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akatazama fulana. Akatazama uso wangu. Akatazama fulana tena. Kisha akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi kileleni, akanikumbatia, kovu na vyote, na soko lote likacheka. Nasieku, ambaye naye alitembea na alituacha tangu Ngaramtoni, alikuwa ameshafika zamani, amekaa mbele ya hoteli na makatambuga yake ya matairi miguuni, anakunywa chai. "Mwalimu," akasema, "nilikuambia utajua wewe mwenyewe."

Wifi alikuwa ameandaa loshoro nyumbani. Gari la shemeji likatupandisha hadi kanisani, kisha dereva akaingiza gia kuendelea juu. Nikamwomba asimame.

"Mama, barabara inafika mlangoni," Baba Neema akasema. "Umechoka. Nilichonga kwa ajili hiyo."

"Najua ulichonga kwa ajili gani."

Iko siku nitaipanda barabara ile kwa gari, nimelala, na sitateleza kwenye kona. Ameitengeneza vizuri. Lakini jioni ile nilishuka, nikavua viatu kwa sababu ya kucha, nikamwambia dereva atangulie na watu wake. Baba Neema akashuka pia, akasimama upande wangu wa kushoto, ule wenye mkono uliovimba. Tukapanda kwa miguu, ambayo ni ya bure.